Muhammed Said Abdulla, Mtunzi wa Bwana Msa

1. Maneno ya kwanza



Sasa unajua kusoma. Ulianza na herufi moja moja. Ukaziunganisha zikawa silabi, na silabi zikawa maneno. Leo unaweza kusoma ukurasa mzima peke yako. Hongera sana.

Lakini kujua kusoma ni kama kuwa na ngalawa. Ngalawa ikikaa mchangani haivui samaki. Ni lazima ishushwe majini. Na wewe usiyaache macho yako yakae mchangani. Yapeleke kazini kila siku.

Kitabu hiki kitakueleza maisha ya mtu mmoja wa hapa hapa kisiwani kwetu. Hakuwa sultani. Hakuwa jemadari wa vita. Alifanya kazi serikalini, akafanya kazi ya magazeti, akatunga hadithi. Jina lake ni Muhammed Said Abdulla.

Kwa nini tumemchagua yeye? Kwa sababu alitazama vitu ambavyo sote tunavitazama kila siku, lakini yeye aliviuliza maswali. Alitazama kisima, shamba, nyumba, njia ya mguu na mahali penye mzimu. Humo akapata hadithi ambazo watu wa Afrika Mashariki wamezisoma kwa miaka mingi.

2. Mtu wa Makunduchi

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi tarehe 25 Aprili, 1918. Wakati huo Sultani wa Zanzibar alikuwa Khalifa bin Harub, na nchi ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilikuwa bado havijaisha. Viliisha mwezi wa Novemba mwaka ule ule.

Wewe uliye Mangapwani uko upande wa kaskazini magharibi ya Unguja. Makunduchi iko upande wa pili, kusini mashariki. Ukitaka kwenda huko utapita Mjini kwanza, halafu uendelee mpaka karibu na mwisho wa kisiwa.

Ardhi ya huko si kama ya upande wetu wa magharibi. Sisi tuna udongo wa kina, na mikarafuu na minazi hustawi. Makunduchi kuna mawe mengi. Mkulima hutafuta udongo kati ya jiwe na jiwe, na hapo ndipo anapopanda. Wanawake wa pwani ile hufukia makumbi ya nazi ufukweni. Makumbi hukaa humo miezi mingi mpaka yalainike. Kisha hufukuliwa, yakapigwa, na ukapatikana usumba wa kusokotea kamba.

Tena Makunduchi kuna Mwaka Kogwa. Kila mwaka, mwezi wa Julai, watu hukusanyika kwa siku ya mwaka mpya wa jadi. Wanaume hupigana kwa mabua ya migomba. Hujengwa kibanda cha makuti, kikatiwa moto. Mgeni akifika siku hiyo huuliza maswali mengi. Kwa nini wanapigana, halafu wanakula pamoja? Kwa nini kibanda kinachomwa? Wenyewe huona ni jambo la kawaida. Wengi wao hawaulizi, kwa sababu wamelizoea tangu utotoni.

Hapa ndipo penye jambo kubwa la kitabu hiki. Kitu tulichokizoea hatukiulizi. Tunakipita kila asubuhi kama kwamba hakipo. Mtu mwenye akili ya kuuliza hukiona kitu hicho hicho kama mgeni anavyokiona, na hapo ndipo anapojifunza.

3. Bwana Afya

Muhammed alimaliza masomo yake ya skuli mwaka 1938. Alikuwa na umri wa miaka 20. Akaajiriwa katika Idara ya Afya, akawa mkaguzi. Sisi tumezoea kumwita mtu wa kazi hiyo Bwana Afya. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka kumi.

Je, unajua kazi ya Bwana Afya? Hakai ofisini kutwa nzima. Huenda mtaa kwa mtaa na kijiji kwa kijiji. Hutazama visima. Hutazama vyoo. Hutazama soko, machinjio na mahali pa kutupa takataka. Huzungumza na wenye nyumba, na husikiliza wanayosema.

Hebu tuseme wewe ndiye Bwana Afya. Umefika katika mtaa mmoja, ukakuta watoto watatu wana homa. Mama wa kwanza anasema ni jicho la hasidi. Wa pili anasema ni shetani wa mbuyu. Wa tatu hasemi kitu, lakini amechoka na amekonda. Wewe utafanya nini?

Utauliza. Watoto hawa wanalala wapi? Je, wana vyandarua? Homa ilianza lini? Kisha utazunguka nyuma ya nyumba. Huko utaona mtungi uliovunjika, umejaa maji ya mvua. Utainama utazame. Ndani ya maji utaona viluwiluwi vidogo vinapanda na kushuka. Viluwiluwi hivyo ni watoto wa mbu. Utatembea kidogo zaidi, utaona shimo lililochimbwa udongo wa kujengea. Nalo limejaa maji, na viluwiluwi ni vingi zaidi. Sasa utawapeleka watoto kituo cha afya wapimwe damu. Ikionekana ni malaria, watapewa dawa. Na wewe utajua mbu wametoka wapi. Mtungi utamwagwa, na shimo litafukiwa.

Umeona, ndugu msomaji? Hukumtukana mtu. Hukumsingizia jirani. Umefuata alama moja baada ya moja mpaka ukafika penye sababu. Kazi hiyo ni sawa na kazi ya mpelelezi anayemtafuta mwizi. Tofauti ni kwamba mwizi wa Bwana Afya ni mdogo, tena ana mabawa.

Kazi kama hiyo ilikuwa imekwisha fanywa hapa Unguja zamani sana. Katika miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu kiliingia kisiwani kikaua maelfu ya watu. Alikuwako daktari mmoja, Dokta James Christie. Yeye aliwauliza wafanyabiashara na watu waliotoka bara na misafara. Aliwauliza maradhi waliyaona mji gani, na lini. Akayaunganisha majibu yao, akaonyesha njia ambayo kipindupindu kilipita mpaka kikafika pwani. Mwaka 1876 alitoa kitabu juu ya habari hiyo. Wengi wa watu aliowauliza hawakuwa wasomi. Lakini kila mmoja alikuwa na kipande cha habari, na vipande vilipokusanywa vikawa elimu.

4. Katika magazeti

Baada ya miaka kumi ya kazi ya afya, Muhammed aliiacha kazi hiyo akaingia katika uandishi. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti lililoitwa Zanzibari. Mhariri ni mtu anayechagua habari za kutiwa gazetini, na kuzisahihisha kabla hazijapigwa chapa. Alikuwa na umri wa miaka 30.

Katika miaka iliyofuata alikuwa mhariri msaidizi wa magazeti mengine. Moja liliitwa Al Falaq, la pili Al Mahda, na la tatu Afrika Kwetu. Magazeti hayo hayakuwa na msimamo mmoja. Al Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu. Afrika Kwetu lilisema kwa ajili ya Waafrika. Wakati ule siasa za Zanzibar zilikuwa zinapamba moto. Uchaguzi wa kwanza ulifanywa mwaka 1957, na watu waligawanyika sana.

Mtu aliyefanya kazi katika magazeti ya namna hiyo hukutana na jambo moja mara nyingi. Kisa kimoja husimuliwa kwa njia mbili. Huyu anasema hivi, na yule anasema vingine. Mhariri mzuri hashiki neno la kwanza analolisikia. Huuliza: nani aliona kwa macho yake? Nani alisikia tu kwa watu? Nani anapata faida jambo hili likiaminiwa?

Maswali hayo matatu, ndugu msomaji, yaweke akilini. Yatakufaa siku yoyote utakaposikia uvumi kisimani au barazani.

Mwaka 1958 Muhammed alipewa kazi ya kuhariri Mkulima, gazeti la habari za kilimo. Alikaa katika kazi hiyo mpaka alipostaafu mwaka 1968. Katika miaka hiyo kumi nchi ilibadilika sana. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba, 1963. Mapinduzi yakafanyika tarehe 12 Januari, 1964. Kisha Zanzibar ikaungana na Tanganyika tarehe 26 Aprili, 1964.

5. Mashindano ya hadithi

Sasa tumefika kwenye jambo lililomfanya ajulikane.

Zamani hizo vitabu vya hadithi za Kiswahili vilikuwa vichache. Mashairi na tenzi vilikuwako tangu kale, na hadithi za mdomo zilikuwa nyingi. Bibi zetu walizisimulia usiku. Lakini vitabu vingi vya hadithi ndefu vilikuwa vimefasiriwa kutoka lugha za Ulaya. Kimoja kiliitwa Kisiwa Chenye Hazina. Kilieleza habari za vijana na maharamia waliosafiri baharini kutafuta mali iliyozikwa katika kisiwa cha mbali.

Watu walivipenda vitabu hivyo. Walijifunza humo mambo ya dunia. Lakini msomaji angeweza kudhani kwamba mambo ya ajabu hutokea mbali tu, kwa watu wengine. Angeweza kudhani kwamba kisiwa chenye hazina hakiwezi kuwa kisiwa anachokaa yeye.

Palikuwa na shirika la vitabu, East African Literature Bureau, lililokuwa na makao makuu Nairobi. Shirika hilo lilifanya mashindano ya kutunga hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958. Muhammed akapeleka hadithi yake. Hadithi hiyo iliitwa Mzimu wa Watu wa Kale. Ikapata zawadi ya kwanza. Baadaye, katika miaka ya 1960, ikatolewa kuwa kitabu.

Mambo ya hadithi hiyo hayatokei Ulaya. Yanatokea katika mazingira ya kwetu. Watu wake wana majina ya kwetu, wanakula vyakula vyetu, na wanasema Kiswahili cha Unguja. Mtu mmoja anakutwa amekufa mahali penye mzimu, mahali ambapo watu huogopa kupita. Wako wanaosema ni kazi ya mzimu. Ndipo anapoingia Bwana Msa.

6. Bwana Msa ni nani?

Bwana Msa ni mpelelezi. Si askari wa polisi. Hana bunduki na hapigi mtu. Silaha yake ni akili yake. Mara nyingi huwa na kiko mdomoni, anavuta tumbaku na kufikiri. Rafiki yake anaitwa Najum. Najum hufuatana naye, naye huona yale yale anayoyaona Bwana Msa. Lakini Najum haelewi upesi. Msomaji naye huwa kama Najum. Alama zote ziko mbele yake, ila hajui kuziunganisha mpaka Bwana Msa amfungulie.

Namna hii ya hadithi haikuanzia kwetu. Mwandishi wa Uingereza, Arthur Conan Doyle, alimtunga mpelelezi aitwaye Sherlock Holmes. Kitabu chake cha kwanza juu yake kilitoka mwaka 1887. Holmes naye huvuta kiko, naye ana rafiki wa kufuatana naye, Dokta Watson. Muhammed alijifunza kwa mwandishi huyo. Lakini hakuchukua mitaa ya London akaileta Unguja. Alichukua njia ya kufikiri tu. Mambo mengine yote aliyatafuta nyumbani.

Mtu anaweza kuazima jembe kwa jirani, lakini shamba likawa lake na muhogo ukawa wake. Muhammed alifanya hivyo.

Tena hebu chukua kalamu na karatasi. Andika majina matatu ya mtunzi wetu: Muhammed, Said, Abdulla. Sasa chukua herufi ya mwanzo ya kila jina. Umepata nini? Umepata M, S na A. Ziandike pamoja. Umepata Msa. Umeona? Jina la mpelelezi limo ndani ya jina la mtunzi. Na wewe umeligundua kwa kutumia herufi ulizojifunza darasani.

7. Hofu na ukweli

Pengine utasema hadithi za upelelezi ni mchezo tu, hazina faida kwa mtu wa shamba. Tufikiri pamoja.

Mtu akifa ghafla kijijini, au mtoto akiugua, au ng'ombe akipotea, watu hutaka kujua sababu. Hilo ni jambo jema. Lakini mara nyingi hatungoji. Tunasema ni mzimu, au ni uchawi. Tukishasema hivyo, maswali yanakwisha. Yakisha maswali, mambo mawili mabaya yanaweza kutokea. La kwanza, mwenye kosa anakwenda zake huku anacheka. La pili, asiye na kosa anashikwa. Mara nyingi anayeshikwa ni mtu mnyonge: bibi kizee asiye na watoto, au mgeni, au mtu mwenye maradhi ya akili.

Jambo hili si hadithi. Mwaka 1995 uvumi wa Popobawa ulienea Pemba na Unguja. Watu walisema ni kitu kinachoingia majumbani usiku na kuwadhuru wenyewe. Watu wengi waliogopa kulala ndani. Walilala nje kwa makundi, wamewasha moto. Katika hofu hiyo mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati wa watu. Waliomuua walidhani ndiye Popobawa. Hakuwa Popobawa. Alikuwa binadamu kama wewe na mimi, naye hakupata nafasi ya kujieleza.

Muhammed Said Abdulla hakuwahi kuziona siku hizo, maana alikwisha kufa. Lakini hadithi zake zilikuwa zimekwisha toa onyo. Kitabu chake cha pili kiliitwa Kisima cha Giningi. Kilitolewa mwaka 1968. Wewe unajua jina la Giningi linavyotisha watu. Husemwa ni mahali wanapokutana wachawi. Muhammed alilichukua jina hilo hilo la kutisha, akamtuma Bwana Msa aende akatazame.

Hatukwambii ukadharau mambo ya wazee. Wazee wana hekima nyingi, na mahali pengi pa jadi pana historia ndani yake. Tunakwambia usiache hofu ikufunge macho. Heshima na hofu ni vitu viwili mbali mbali. Mwenye heshima hukaribia akauliza kwa adabu. Mwenye hofu hukimbia, kisha akasimulia asichokiona.

8. Vitabu vyake vingine

Baada ya kustaafu Muhammed hakuweka kalamu chini. Mwaka 1973 alitoa Duniani Kuna Watu. Mwaka 1974 alitoa Siri ya Sifuri. Mwaka 1975 alitoa Mke Mmoja Waume Watatu. Mwaka 1976 alitoa Mwana wa Yungi Hulewa. Mwaka 1984 kikatoka Kosa la Bwana Msa.

Tuvihesabu pamoja na vile viwili vya kwanza. Vyote ni vitabu saba. Alipotoa cha mwisho alikuwa na umri wa miaka 66. Tazama basi: hadithi iliyompatia zawadi aliitunga akiwa karibu na miaka 40, na vitabu vitano kati ya saba vilitoka baada ya kustaafu. Kwa hiyo asije mtu akakwambia kwamba umri wako umepita, na kwamba kalamu ni ya watoto wa skuli tu.

Muhammed Said Abdulla alifariki dunia mwaka 1991. Miaka zaidi ya thelathini imepita. Walimu wa fasihi bado wanamtaja kuwa mmoja wa waanzilishi wa hadithi za upelelezi kwa Kiswahili. Tena Unguja ilitoa waandishi wengine waliotunga juu ya maisha ya hapa. Mohamed Suleiman Mohamed alitunga Kiu, kilichotoka mwaka 1972. Adam Shafi alitunga Kasri ya Mwinyi Fuad, kilichotoka mwaka 1978, na Kuli, kilichotoka mwaka 1979. Kila mmoja alitazama kwao, akaona pana habari ya kutosha kuandika kitabu.

9. Mangapwani yako

Sasa tufunge safari fupi. Hatuhitaji nauli. Tutatembea kwa miguu hapa hapa Mangapwani, lakini tutatembea kama Bwana Msa.

Kwanza twende kwenye pango. Wewe umelijua tangu utoto. Unashuka chini ya ardhi, na mwisho unakuta maji baridi. Maji hayo si ya chumvi, ingawa bahari iko karibu. Husimuliwa kwamba palikuwa na kijana aliyekuwa akichunga mbuzi. Mbuzi mmoja akatumbukia shimoni. Kijana akasikia mlio wake chini ya ardhi. Angeweza kukimbia na kusema shimo lina shetani. Badala yake alifuata sauti, akamkuta mbuzi, na akaona maji.

Jiulize: maji matamu yametoka wapi? Jibu limo katika jiwe lenyewe. Kisiwa chetu kwa sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe, ambalo zamani sana lilikuwa chini ya bahari. Jiwe hilo lina matundu mengi. Mvua ikinyesha, maji hupenya ndani yake. Yanapopita hulila jiwe kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka, na hivyo ndivyo mapango yanavyofanyika. Maji ya mvua ni mepesi kuliko maji ya bahari, kwa hiyo huko chini hukaa juu ya maji ya chumvi. Ndiyo sababu katika kisima kilicho karibu na pwani, ukiteka kupita kiasi, maji huanza kuwa na chumvi. Na ndiyo sababu choo kikichimbwa karibu na kisima, uchafu hupenya upesi katika jiwe na kuingia majini. Bwana Afya akikwambia usichimbe choo karibu na kisima, sasa unajua kwa nini.

Pili, twende ufukweni kwenye shimo la watumwa. Hapa tutembee kwa huzuni. Tazama kuta zake. Hili si pango la asili. Limechongwa na mikono ya watu katika jiwe. Liko chini ya ardhi, lina dari juu, na mlango wake ni mwembamba. Liko mbali na Mji, kiasi cha kilomita 20. Liko karibu na pwani, na iko njia ya kushukia baharini. Husemwa lilikuwa la mfanyabiashara Mohammed bin Nassor.

Sasa fikiri kama mpelelezi. Mtu hachimbi ghala la karafuu chini ya ardhi. Mtu hajengi nyumba ya kulala isiyo na madirisha. Kwa nini basi mahali hapa pakajificha hivi? Tafuta mwaka. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza. Soko la watumwa la Mjini likafungwa, na kusafirisha watumwa baharini kukakatazwa. Lakini wako waliotaka kuendelea na biashara hiyo kwa siri. Biashara ya siri hutaka mahali pa siri. Jiwe lenyewe linakwambia hivyo, ukijua kulisoma.

Watu waliofungiwa humo walikuwa na majina, na wazazi, na vijiji vyao. Majina yao hayakuandikwa. Hakuna aliyewauliza. Hilo nalo ni funzo kwetu sisi tunaojua kuandika. Jambo lisiloandikwa hupotea.

Tatu, turudi nyumbani. Tazama uwanja wako. Nani alipanda mwembe ule, na mwaka gani? Kwa nini mtaa wako unaitwa hivyo? Kisima kile kilichimbwa na nani? Babu alipofika hapa alitoka wapi? Majibu wanayo wazee. Mzee mmoja akifariki, majibu mengi huzikwa pamoja naye. Wewe una kalamu. Nenda umwamkie, ukae naye, umuulize kwa adabu, kisha uandike.

Muhammed Said Abdulla alitumia miaka kumi kutazama visima na nyumba za watu, na miaka ishirini kusoma na kusahihisha habari za watu. Hakutafuta kisiwa cha mbali chenye hazina. Alitumia kisiwa alichozaliwa.

10. Mazungumzo ya darasa

Jibuni maswali haya pamoja, kisha kila mmoja aandike majibu yake katika daftari.

1. Muhammed Said Abdulla alizaliwa wapi, na mwaka gani?

2. Taja kazi mbili alizofanya kabla ya kujulikana kwa hadithi zake.

3. Kazi ya Bwana Afya inafananaje na kazi ya mpelelezi?

4. Yataje maswali matatu ambayo mhariri mzuri huuliza anaposikia habari.

5. Je, umewahi kusikia uvumi kijijini ambao baadaye ulionekana si kweli? Nani aliumia kwa uvumi ule?

6. Chagua kitu kimoja unachokipita kila siku: mti, kisima, ukuta wa zamani au njia. Waulize wazee wawili habari zake. Andika mistari kumi, uje uisome mbele ya wenzako. Kama maneno ya wazee hao yatapishana, usifute la mmoja. Andika yote mawili, kisha darasa zima litafute alama za kuonyesha lipi ni kweli.